Uanze na mafao ya marehemu au ya kwako? Ulinganisho kwa wajane wetu Marekani

Mjane aliyewahi kufanya kazi Marekani ana haki mbili Social Security, yaani mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii. Ya kwanza ni mafao yatokanayo na kazi ya marehemu mwenzi wake. Ya pili ni pensheni yake mwenyewe, iliyotokana na yale makato ya FICA (kodi ya mshahara inayochangia mfuko huo) anayoyaona kila akipata hati ya mshahara. Hatalipwa zote mbili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Atapata ile iliyo kubwa. Lakini sheria inamruhusu aanze na moja, aiache nyingine ikue, kisha ahamie kwenye hiyo baadaye, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mtu anakwenda ofisini akiwa bado na majonzi, anasema "nimekuja kuomba mafao", anasaini anachowekewa mbele, na haki zote mbili zinafunguliwa siku ile ile.

Tusidhani ni tatizo la wageni tu. Mwaka 2018 mkaguzi mkuu wa Social Security alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wajane wengi hawakuwa wakielezwa kuwa wanaweza kuchukua mafao ya mwenzi huku wakiiacha pensheni yao ikue hadi miaka 70. Ikiwa Mmarekani aliyezaliwa na kusoma hapa anaweza kupitwa na jambo hili, mama aliyefika juzi kutoka Kigoma au Bukavu atalijulia wapi? Ndiyo maana naziweka njia hizi kando kwa kando, kwa hesabu, ili kila mmoja aone ipi inamfaa. Ninaposema mjane namaanisha mke na mume. Mgane ana haki zile zile.

Kwanza, kama unastahili

Ndoa iwe ilidumu angalau miezi 9 kabla ya kifo. Sharti hilo linaondoka kama mwenzi alikufa kwa ajali, au kama mlizaa mtoto pamoja. Mtalaka naye ana haki, mradi ndoa ilidumu miaka 10 au zaidi, na kulipwa kwake hakumpunguzii mjane senti hata moja. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona wake wawili wa marehemu mmoja, mtalaka na mjane, wakikosana msibani kwa fedha ambazo hakuna aliyekuwa akimnyang'anya mwenzake.

Cheti cha ndoa ya msikitini, kanisani au bomani kinafaa, ilimradi ndoa ilikuwa halali mahali ilipofungwa. Waliokimbia vita Kongo na kukaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi mara nyingi hawana karatasi yoyote. Hilo lisikukatishe tamaa: cheti kikikosekana, ofisi inaweza kupokea maelezo yaliyosainiwa na aliyefungisha ndoa au mashahidi waliokuwepo. Anza kuwatafuta mapema, maana shahidi wako mmoja huenda yuko Kampala na mwingine Ohio.

Kuna jambo moja zito ambalo jamii yetu hulikwepa. Ndoa ya mke wa pili, hata kama ilikuwa halali kabisa kwa dini na kwa sheria ya nyumbani, kwa kawaida haitambuliwi Marekani ikiwa ndoa ya kwanza ilikuwa bado ipo. Mke huyo huenda akakosa. Watoto wake ni habari nyingine: mtoto ana haki yake kwa baba yake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje, ikithibitika kwamba marehemu ni babake. Kama alimkubali kwa maandishi, au mahakama iliamua hivyo, au aliishi naye au kumtunza, mtoto aombewe.

Kisha ni kazi ya marehemu mwenyewe. Ajira na biashara iliyolipiwa kodi humpa mtu krediti, zisizozidi 4 kwa mwaka. Mwaka 2026 krediti moja hupatikana kwa kila dola 1,890 za kipato. Akifikisha 40 amekamilisha moja kwa moja. Kijana aliyekufa mapema anahitaji chache zaidi, na kuna kanuni ambayo ningependa kila familia ya wakimbizi iijue: krediti 6 tu ndani ya miaka mitatu kabla ya kifo zinatosha kwa watoto, na kwa mzazi anayewalea. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu. Baba aliyefika, akaingia kiwanda cha nyama, akafa kabla ya kumaliza mwaka wa pili, yawezekana amewaachia watoto malipo ya kila mwezi, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Upande wa pili wake unaumiza. Aliyekuwa akilipwa mkononi bila kuandikishwa, au dereva wa kujitegemea aliyekuwa hawasilishi ritani ya kodi, hakujenga krediti. Kama aliyefariki ni dereva au mfanyabiashara mdogo, peleka ritani zake za miaka ya karibuni hata baada ya mazishi. Kipato cha kujiajiri kinaweza kuingizwa kwenye rekodi yake mradi ritani ifike ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 tangu mwaka husika ulipokwisha. Nyumba inayokosa krediti mbili au tatu inaweza kuokolewa na karatasi hizo.

Haki mbili zinavyokua, kila moja kwa mwendo wake

Mafao ya marehemu unaweza kuyaanza ukiwa na miaka 60, au 50 kama una ulemavu unaokuzuia kufanya kazi ulioanza ndani ya miaka 7 tangu kifo. Ukianza 60 utapata asilimia 71.5 ya kiwango chake kamili. Kila mwezi unaosubiri unaongeza kidogo, hadi asilimia 100 ukifika umri kamili, ambao kwa waliozaliwa 1962 na kuendelea ni miaka 67. Baada ya hapo hayaongezeki tena kwa kusubiri.

Pensheni yako yaanza 62, ikiwa asilimia 70 tu ya kiwango kamili kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea. Ukifika 67 ni 100. Yenyewe haikomi hapo: kila mwaka unaosubiri baada ya 67 unaongeza asilimia 8, hadi miaka 70, unapopata asilimia 124.

Kwa hiyo moja inafungua mapema na kukoma kukua mapema. Nyingine inafungua baadaye na kukua zaidi. Uamuzi wote umekaa katika tofauti hiyo.

Mama wawili, hesabu mbili

Tuchukue mama aliyezaliwa 1966, anayefikisha 60 mwaka huu wa 2026. Mumewe alifariki kabla ya kuanza kuchukua pensheni, na kiwango kamili cha marehemu ni dola 1,800 kwa mwezi. Mama mwenyewe amefanya kazi ya uuguzi msaidizi miaka mingi, na kiwango chake kamili ni 1,400. Nimeacha nyongeza ya kila mwaka ya gharama za maisha (kwa 2026 ilikuwa asilimia 2.8), kwa kuwa inaingia pande zote mbili.

| Umri | Anaanza na ya marehemu, anahamia yake akifika 70 | Anaanza na yake, anahamia ya marehemu akifika 67 |
|---|---|---|
| 60 hadi 62 | $1,287 | hakuna |
| 62 hadi 67 | $1,287 | $980 |
| 67 hadi 70 | $1,287 | $1,800 |
| Baada ya 70 | $1,736 | $1,800 |
| Jumla hadi kufikisha 70 | $154,440 | $123,600 |

Wengi wakiona 1,800 na 1,400 husema: ya marehemu ndiyo kubwa, hiyo ndiyo ya kusubiriwa. Jedwali linakataa. Njia ya kwanza inamwacha mama akiwa mbele kwa dola 30,840 anapofika 70, na kuanzia hapo ya pili inamzidi kwa dola 64 tu kwa mwezi. Ili njia ya pili imfikie, mama atahitaji kuishi miaka 40 mingine baada ya 70. Kwa hiyo usilinganishe kiwango kamili na kiwango kamili. Linganisha ya marehemu ikiwa 67 na ya kwako ikiwa 70, maana hapo ndipo kila moja imefika mwisho wake. Zikikaribiana, anza na ya marehemu bila kusita.

Sasa mama wa pili, wa umri ule ule. Alikaa nyumbani kulea watoto, akafanya kazi miaka michache ya mwisho. Krediti 40 anazo, lakini kiwango chake kamili ni 700, na cha marehemu ni 2,000. Yake hata akisubiri 70 itakuwa 868, haitayafikia mafao ya mume kwa namna yoyote. Akichukua ya marehemu akiwa 60 atapata 1,430 na atabaki hapo hapo maisha yake yote, ukiacha zile nyongeza za kila mwaka. Akianza na yake akiwa 62 atapata 490 kwa miaka mitano, kisha akifika 67 anahamia 2,000.

Hapa jibu si jepesi. Akifikisha 67, aliyeanza na ya marehemu atakuwa amepokea dola 120,120, na mwenzake 29,400. Pengo ni 90,720. Kuanzia hapo aliyesubiri anapata 570 zaidi kila mwezi, na pengo linazibika akiwa na miaka 80 na miezi michache. Mama mwenye afya njema, ambaye mama yake na shangazi zake walifika 90, na ambaye ana kazi au watoto wa kumshika mkono kwa sasa, asubiri. Mwenye sukari na presha, anayedaiwa kodi ya nyumba mwezi huu, achukue sasa na asimsikilize anayemwambia ana haraka. Ushauri wangu unaegemea kusubiri kwa mama wa namna hii pale inapowezekana, kwa sababu uzeeni hatakuwa na kingine cha kuongeza, na 2,000 badala ya 1,430 ni tofauti ya kukaa kwake na kukaa kwa watu.

Kama marehemu alikwisha kuanza kuchukua pensheni yake mapema

Jambo hili halisemwi, nalo linabadilisha hesabu kabisa. Mume aliyeanza pensheni akiwa 62 alikubali kiwango kilichopunguzwa, na sehemu ya upungufu huo inamfuata mjane. Mjane hatapata zaidi ya kile alichokuwa akilipwa marehemu, au asilimia 82.5 ya kiwango kamili cha marehemu, kinachotazamwa ni kikubwa kati ya hivyo viwili.

Turudi kwenye kiwango kamili cha 1,800. Kama mume alianza 62, alikuwa akipata 1,260. Asilimia 82.5 ni 1,485, kwa hiyo hicho ndicho kikomo cha mjane. Kwa kupanda kidogo kidogo kuanzia 71.5 akiwa 60, mjane anafika 82.5 akiwa na takriban miaka 62 na miezi 9. Kusubiri kutoka hapo hadi 67 ni kuacha zaidi ya miaka minne ya malipo bila kuongezewa chochote. Swali la kwanza la kuuliza ofisini liwe hili: marehemu alianza lini kulipwa, na kiwango chake kamili kilikuwa kipi? Kama alichelewesha zaidi ya umri kamili, nyongeza aliyoipata nayo inakufuata wewe.

Ukiwa bado kazini

Chini ya miaka 67, mafao yoyote kati ya haya mawili yanabanwa na mshahara wako. Kikomo cha 2026 ni dola 24,480 kwa mwaka. Ukizidisha, kwa kila dola 2 za ziada wanazuia 1. Katika mwaka unaofikisha umri kamili kikomo kinapanda hadi 65,160 kwa miezi iliyotangulia mwezi huo, na wanazuia 1 kwa kila 3. Ukishafika umri kamili, hata upate mshahara wa namna gani hawakugusi.

Mama wetu wa kwanza, mwenye 1,287 kwa mwezi, akilipwa mshahara wa 45,000 kwa mwaka atazuiwa 10,260. Atabaki na kama 5,184 za mafao kwa mwaka mzima. Akivuka 55,368 hatapata kitu. Fedha zinazozuiwa hazitupwi moja kwa moja, kwani akifika 67 wanahesabu upya miezi aliyozuiwa na kumwongezea kiwango, lakini kwa anayepanga kuhamia pensheni yake akiwa 70 nyongeza hiyo anaifaidi miaka mitatu tu. Mwenye mshahara mzuri na asiye na mpango wa kuacha kazi, kwake kuanza 60 hakuna faida kubwa. Mwenye kazi za muda mfupi mfupi anafaidi karibu yote.

Tuwakumbuke pia ndugu zetu walimu wa Texas na baadhi ya watumishi wa serikali za majimbo ambao ajira zao hazikatwi Social Security. Zamani pensheni zao za kazini zilifyeka mafao ya mjane, wengine wakabaki na sifuri. Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025 imeondoa makato hayo, kwa malipo ya kuanzia Januari 2024. Aliyekwenda zamani akaambiwa hapati, au akaacha kuomba kwa sababu hiyo, arudi akaombe.

Mjane kijana mwenye watoto

Kwa huyu umri hauhesabiwi. Akiwa analea mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 16, au mwenye ulemavu, anastahili asilimia 75 ya kiwango kamili cha marehemu. Kila mtoto naye anastahili 75 hadi afike 18, au 19 kama bado yuko sekondari.

Asilimia hizo zina mfuniko. Familia nzima hulipwa kwa jumla isiyozidi kati ya asilimia 150 na 180 ya kiwango kamili cha marehemu, kutegemea rekodi yake. Watoto wawili peke yao wanafika 150. Mama akiomba na yeye anaongeza kidogo, na wakiwa watoto watatu jumla ya nyumba haiongezeki kabisa, inagawanywa upya tu. Hapo inabidi mama ajiulize kama anafanya kazi. Mshahara wake ukivuka kikomo nilichotaja unabana fungu lake peke yake. Mafungu ya watoto hayaguswi. Mwenye mtoto mmoja na kazi ya mshahara mdogo aombe na lake pia. Mwenye watoto watatu na kazi ya kudumu, aombee watoto na asijisumbue na ripoti za mshahara kila mwaka.

Mtoto wa mwisho akifikisha 16, fungu la mama linakoma, na hatapata tena hadi afike 60. Wengi wanashtuka barua ikifika. Kuchukua fungu hili la ulezi, hata hivyo, hakumpunguzii kiwango chake cha baadaye.

Kuolewa tena

Ukiolewa kabla ya miaka 60, haki ya mafao ya marehemu inasimama kwa muda wote wa ndoa hiyo mpya. Ukiolewa baada ya 60, au baada ya 50 kwa mwenye ulemavu aliyekwisha kustahili, hakuna kinachoguswa. Ndoa mpya ikivunjika au mume akifariki, haki ya kwanza inarudi.

Mama wa miaka 58 aliyepata mchumba mwema ana uamuzi wa kufanya, na si wa mtu mwingine kumfanyia. Kama kiwango cha marehemu ni kikubwa na mchumba hana rekodi ya kazi hapa, miaka miwili ya subira inaweza kuwa na thamani ya makumi ya maelfu. Watoto waliokwisha kustahili, hata mama akiolewa, wao wanaendelea kulipwa.

Kubaki au kurudi nyumbani

Raia wa Marekani analipwa akiwa Mombasa, Tanga au Lubumbashi kama angekuwa Dallas. Mwenye grinikadi hana uhakika huo. Asiye raia akikaa nje ya Marekani miezi 6 mfululizo, malipo husimamishwa, ila akiingia kwenye moja ya misamaha. Na mjane asiye raia anawekewa sharti la ziada: awe ameishi Marekani jumla ya miaka 5 akiwa katika ndoa hiyo. Nchi zetu hazina mkataba wa hifadhi ya jamii na Marekani, mkataba ambao ungeweza kulegeza hilo. Juu yake, asiye raia anayehesabiwa kuwa si mkazi hukatwa kodi ya asilimia 25.5 ya malipo yake.

Mke aliyebaki Arusha miaka yote huku mume akifanya kazi Houston, asiye raia na asiyewahi kuishi Marekani, hatalipwa. Ni kanuni ngumu, na mume ndiye aliyelipa makato miaka hiyo yote. Kama familia bado ina nafasi ya kupanga, watu wazungumze kuhusu uraia na makazi wakati wote wawili wapo hai. Na mjane mwenye grinikadi anayetamani kurudi kwao, kwa maoni yangu, amalize uraia kwanza ndipo akate tiketi.

Kuomba, na maneno ya kutumia

Mafao ya mjane hayaombwi mtandaoni kama pensheni ya kawaida. Piga 1-800-772-1213 au fika ofisini. Mkalimani wa Kiswahili unapewa bure. Taja lugha yako mwanzoni kabisa, wala usimtumie mtoto wa shule ya msingi akutafsirie habari za kifo cha baba yake.

Piga mapema, kabla ya arobaini. Malipo ya watoto na ya mzazi mlezi yanaweza kurudi nyuma miezi 6 tu tangu ulipoomba, na malipo ya mjane anayeanza kabla ya umri kamili kwa kawaida hayarudi nyuma. Dada aliye edani ana miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito eda yake inakwenda hadi kujifungua, inaweza kuvuka hiyo miezi 6. Simu anaweza kuipiga akiwa ndani, na tarehe ya simu hiyo inaweza kuandikwa kama tarehe ya ombi. Kuna pia dola 255 za mara moja kwa mjane aliyekuwa akiishi na marehemu. Zinaombwa ndani ya miaka 2.

Kama marehemu alikuwa akilipwa, usitumie malipo ya mwezi aliofariki. Akifa tarehe 29 Juni, fedha za Juni zinazoingia Julai si zake tena, benki itatakiwa kuzirudisha. Familia nyingi huzitumia kwenye usafirishaji wa mwili kisha barua ya deni ikafuata.

Siku ya mahojiano, sema waziwazi kwamba unaomba mafao ya mjane peke yake, na kwamba huombi pensheni yako. Kwenye fomu kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Hakikisha sentensi hiyo imeandikwa hapo, kisha mwombe karani akusomee alichoandika kabla hujasaini. Kama unaanza na pensheni yako, sema kinyume chake. Karani anaweza kukueleza viwango vyako vya umri mbalimbali, naye ana wajibu wa kukupa takwimu ukiziuliza: ya marehemu leo na ukiwa 67, ya kwako ukiwa 62, 67 na 70. Ziandike kwenye karatasi, nenda nazo nyumbani, hakuna anayekulazimisha kuamua mezani pale.

Na kama umekwisha kusaini zote mbili na pensheni yako imeanza, angalia tarehe. Ndani ya miezi 12 tangu ulipostahili pensheni hiyo unaweza kuondoa ombi lake, mara moja tu maishani, kwa kurudisha ulicholipwa kwenye haki hiyo. Baada ya hapo, ukiwa umefika 67, unaweza kuisimamisha ikue hadi 70, na wakati huo uulize ofisini ni kiasi gani cha mafao ya marehemu kitabaki kikilipwa.